Chupa ya Bibi Nzunda

Huruma niliyoifanya kule Igamba bado inaniumiza kichwa. Tulikuwa tunafanyia utafiti dawa ya mizizi ya kutibu magoti. Wagonjwa wengine walipewa dawa yenyewe, wengine maji ya rangi, na hata sisi wauguzi tulifichwa nani kapewa nini. Mimi, mjuaji, nikaonja. Chupa ya Bibi Nzunda, mgonjwa wa kutembelea mkongojo, ilikuwa tamu kama maji ya sukari; chupa moja ya akiba ilikuwa chungu kweli, kama dawa. Nikambadilishia kimyakimya, daktari asijue.

Siku ya majibu daktari akaeleza kwamba dawa ilitiwa asali na maji yakatiwa shubiri, makusudi, kuwakomesha waonjaji. Nikainamisha kichwa. Bibi akasimama bila mkongojo.

“Nesi, mwanangu, Mungu akubariki kwa kunibadilishia chupa!”

Watu wote wakapiga makofi, isipokuwa daktari.