Kona ya Kushoto kwenye Mteremko wa Reli

Kuna siku moja ninayoikumbuka kila ninaposhika utepe mweusi wa kufungia nyaya. Keti kidogo, mwanangu, weka chini hiyo bisibisi, nikueleze kabla hujagusa gari la mtu.

Nakuita mwanangu ingawa sijafika umri wa kuitwa mzee. Nywele zangu bado nyeusi na magoti hayaniumi. Lakini kuna jambo moja lililonizeesha, na aliyejikwaa mbele ndiye anayepaswa kumwonya anayekuja nyuma.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Ufundi wa umeme wa magari sikufundishwa na mtu. Niliusoma kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na kwa kufungua redio mbovu na taa za magari yaliyokufa, hapa hapa Likasi. Yaya Pitchou, yaya kwetu ni kaka mkubwa, mwenye garage hii ya mtaa wa Kikula, alinipa pembe moja ya uwanja wake, nikawa mwanamke pekee kati ya wanaume saba. Waliniita Docteur, daktari wa magari. Siku nyingine lilikuwa jina la heshima, siku nyingine dhihaka, nami nilichoka kwa kupima ni lipi. Nilikuwa mwoga, mwanangu. Kazi niliyokwisha kuifunga niliifungua nikaifunga upya mara tatu kwa sababu utepe ulipinda kidogo. Watu walidhani ni bidii. Ilikuwa hofu ya kusikia, "Tulisema, hii kazi haiko ya mwanamuke."

Garage yetu ilikuwa na desturi ambayo ipo mpaka leo. Aliyetengeneza gari hupanda na mwenye gari katika safari ya kwanza. Hukaa kiti cha pembeni, mikono juu ya magoti, redio imezimwa, mpaka wateremke mteremko wa reli na kurudi. Yaya Pitchou alikuwa akisema, "Gari ikitaka kudanganya, idanganye mbele yenu wawili." Mimi niliona ni tabia ya watu wasiokuwa na mita ya kupimia umeme.

Ndipo akaja Papa Kasongo na kagari kake keupe. Alikuwa amestaafu kazi ya kiwandani, na gari hilo dogo la kubeba abiria kati ya Kikula na mtaa wa Panda ndilo lililomlisha yeye na mkewe, Mama Béa. Lilikuwa limetoka Japani na usukani wa kulia, kisha usukani ukahamishiwa kushoto kama wengi wanavyofanya hapa. Kila waya uliokuwa mfupi ulikuwa umeungwa kipande kingine, kwa kusokota, chini ya dashibodi.

Unajua sisi mafundi tunavyosalimiana: mikono ina mafuta, kwa hiyo tunampa mtu kifundo cha mkono akishike. Nikampa Papa Kasongo kifundo. Akakikataa, akakishika kiganja changu chenyewe, cheusi hivyo hivyo.

"Uchafu ya kazi haiko uchafu, mutoto yangu," akasema. "Sasa sikiliza. Fyuzi ya taa za breki inakufa. Naweka ingine, inakufa. Na inakufiaka fasi moja tu: nikiteremuka kwa reli, nikikata kushoto."

Nilimsikia, lakini sikumsikiliza. Mtu mmoja kwenye simu yangu alikuwa ameeleza kwamba ugonjwa kama huo hujificha nyuma, kwenye soketi za taa au pale nyaya zinapopita bawaba ya mlango wa buti. Basi nikatafuta nyuma. Siku tatu nilifungua, nikapima, nikasafisha, nikafunga. Nilikanyaga breki mara mia, gari limesimama uwanjani, magurudumu yamenyooka. Taa ziliwaka vizuri, fyuzi ikabaki nzima. Papa Kasongo akilichukua hadi kwenye reli, anarudi na fyuzi iliyokufa.

Siku ya tatu Yaya Pitchou aliniita kutoka upande wa pili wa uwanja: "Eh, Docteur! Mugonjwa ameamuka, ao tutafute sanduku?"

Wakacheka. Mmoja akaongeza, "Tumutafutie docteur mwanaume!" Wakacheka zaidi. Yaya Pitchou hakucheka hilo la pili, akaenda zake sokoni kutafuta vipuri. Lakini masikio yangu yalikuwa yameshika moto.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nilitakiwa kusema neno moja: sijui. Halikutoka. Badala yake nikachukua uzi mmoja wa shaba, mji huu haukosi shaba, nikauzungusha kwenye miguu ya fyuzi ile, umeme upite humo bila kukatwa, ili isife tena. Kisha nikavua utepe wote wa zamani chini ya dashibodi, pale mkono unapofika, nikaufunga mpya, mviringo juu ya mviringo, safi kama nywele za bibi harusi. Sijawahi kufunga utepe vizuri kuliko siku ile. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

"Imepona, Papa," nikamwambia.

Akafurahi mpaka akapiga makofi. "Bon! Panda, tuende kwa reli."

Nikasema tumbo linaniuma. Ulikuwa uongo, mwanangu. Nilijua nikikaa kwenye kiti kile, gari lingenisema.

"Pole, mama," akasema. "Utapanda siku ingine." Akanishika kiganja, akaenda.

Jumapili iliyofuata alikuwa akitoka kanisani na Mama Béa. Kwenye mteremko wa reli magari yalikuwa yamebanana, akateremka polepole, mguu kwenye breki, usukani ameukata kushoto. Moshi ukatoka chini ya dashibodi, kisha moto. Papa Kasongo aliingiza mikono yake yote miwili ndani ya ule moto azing'oe nyaya. Utepe wangu ulikuwa unayeyuka, ukamshika kwenye viganja. Kwa viganja hivyo hivyo akafungua mkanda wa mkewe uliokuwa umekwama, akamvuta nje. Mama Béa hakupata hata mkwaruzo. Gari likaungua mpaka likabaki chuma.

Jumatatu nilikwenda kulitazama. Sikuhitaji mita. Waya wa taa za breki, mmoja wa wale walioungwa, ulipita karibu na mhimili wa usukani. Ukikata kushoto, bolti moja, ambayo sasa ilikuwa na tone la shaba iliyoyeyuka juu yake, ilikuja ikaugusa pale ulipokuwa umechubuka. Usukani ukinyooka, hakuna kitu. Usipokanyaga breki, hakuna kitu. Ilibidi ukanyage na kukata kwa pamoja, kama alivyoniambia mwenyewe siku ya kwanza. Siku za katikati alipita kona upesi, waya ukaguswa kidogo tu; Jumapili ile foleni ilimshika pale pale. Fyuzi ile ilikuwa inakufa ili gari liishi, nami nikaikataza kufa. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Nilikaa siku nne kabla ya kwenda nyumbani kwake. Nilimkuta ameketi kitandani, mikono imefungwa bandeji hadi kwenye vifundo. Nilimwambia yote: siku tatu, uzi wa shaba, tumbo. Mama Béa alikuwa amesimama mlangoni na birika.

"Juu ya nini haukuniambia tu siyui?" Papa Kasongo akauliza. Hakupaza sauti. "Miye niko na miguu. Ningetembea."

Akanitazama nikilia, kisha akasema, "Bon. Sasa nipe chai. Mikono yako weye iko mizima."

Nikashika kikombe, nikakipeleka mdomoni kwake. Nikakiinua haraka mno, nikamwagia chai kifuani.

"Polepole, Docteur," Mama Béa akasema kutoka mlangoni. "Hiyo haiko fyuzi."

Vidole vya Papa Kasongo havikunyooka tena, na usukani hakuushika tena. Mama Béa akaanza kuuza makaa mbele ya nyumba. Nilipeleka nilichoweza kila mwezi, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Tulipokutana njiani Papa Kasongo alinisalimia bila kinyongo, ila hakunipa kiganja. Alinipa kifundo, kama fundi mwenye mafuta mkononi. Alifanya hivyo na kila mtu, miaka mitatu, mpaka alipofariki.

Kwenye kilio chake nilikaa nyuma kabisa. Mama Béa alikuja akaketi karibu nami kwenye mkeka.

"Alikuwa anauliza juu yako," akasema. "Hata wiki ile ya mwisho. Anasema, Docteur sasa anapandaka na mwenye gari?"

"Napandaka, Mama," nikamjibu.

Akaitika kwa kichwa, akarudi kwa wenzake.

Basi mwanangu, nisikie. Mwenye gari hajui umeme, lakini anaijua barabara yake. Akikuambia ni kona ya kushoto, nenda naye mpaka kona ya kushoto. Fyuzi ikikataa, usiizibe mdomo. Usinionyeshe utepe wako kabla hujanionyesha ugonjwa. Na siku utakapotafuta ukakosa, watakucheka. Waache wacheke. Kicheko hakiachi kovu kama nililoliona mimi. Sema sijui, uliseme mapema, mwenye gari akiwa bado na uwezo wa kutembea. Na ukisema imepona, fungua mlango, kaa kile kiti cha pembeni.

Mungu akufungulie ulimi pale wangu ulipofungwa. Akulinde wewe na wote watakaopanda kazi ya mikono yako. Na akujalie uzee ambao, mtu akikunyooshea mkono, utampa kiganja.