Bakuli la Madame Inger

Harufu ya iliki ndiyo iliyonipokea kwenye ngazi za nyumba yetu ya Schaerbeek, Ubelgiji, mwaka ule mama yangu alipofariki. Nilikuwa na miaka kumi. Nikirudi kutoka shuleni nilisukuma mlango mzito wa barabarani, na kabla sijafuta viatu harufu ilikuwa imeshanifikia, tamu na kali kidogo, imechanganyika na ukungu wa kuta na sabuni ya ngazi. Haikutoka kwetu juu. Sisi tulikuwa watu wa Bukavu, na chai yetu tuliizoea kwa tangawizi. Ilitoka ghorofa ya chini, kwa Madame Inger, bibi wa Kiswidi aliyestaafu kazi ya kutafsiri katika ofisi za Umoja wa Ulaya kule Schuman. Alioka mikate midogo iliyosokotwa kama nywele za msichana, akaitia iliki bila huruma, na kwa kuwa baba yangu alirudi kutoka kazini jioni, Madame alikubali nikae jikoni kwake hadi saa hiyo. Hakuna aliyeniuliza kama nataka.

Umewahi kulalia mkono hadi ukafa ganzi? Unaugusa, unajua ni wako, lakini haukujibu. Ndivyo nilivyokuwa mwili mzima. Siku ya maziko wanawake walilia hadi sauti zikakauka, wakanivuta vifuani mwao, wakanipaka machozi na poda mashavuni, nami nikawa natazama kifungo cha koti la mtu aliyesimama mbele yangu. Kilikuwa kinaning'inia kwa uzi mmoja. Nilingoja kianguke. Nyumbani watu walileta sufuria za sombe, yaani kisamvu, na za samaki, wakanong'ona juu ya kichwa changu kwamba huyu mtoto halii, kuna jambo. Niliwasikia vizuri. Nilikula nilichopewa, nikaosha sahani, nikalala, nikaamka.

Baba naye aliacha kuniangalia. Sisemi aliacha kunipenda. Nasema aliacha kuniangalia. Nilikuwa na macho ya mama, kila mtu alisema hivyo tangu nizaliwe, na zamani lilikuwa jambo la kuchekea. Sasa baba alirudi kutoka zamu yake ya ulinzi, akavua koti la kazi, akaiuliza sufuria, "Umekula?" Nilijibu kwa niaba ya sufuria. Aliliambia dirisha kwamba kesho kutakuwa na baridi. Alikiambia kiatu changu kwamba uzi wake umelegea. Alivaa nguo nyeusi kila siku, kama mila inavyomtaka mfiwa hadi matanga yamalizike, na ndani ya nguo zile alikuwa mpole, hakunigombeza hata mara moja. Ningependelea anigombeze.

Kisha akaja shangazi yangu, Tante Sifa, dada yake mkubwa, mwenye sauti inayofika chumba cha pili bila kuitwa. Aliishi Liège na watoto wake watatu. Aliikagua nyumba yetu, akafungua friji, akaifunga, akaketi.

"Mudogo yangu," alimwambia baba, "mwanaume yeye peke na mutoto musichana, non. Muangalie, hata kulia halie. Bon, siku tutamaliza matanga, nitamubeba ku Liège. Kule kuko batoto benzake."

"Yaya, tutaona," baba aliiambia meza.

Kwetu, mdogo akimjibu yaya wake, dada mkubwa, "tutaona," amekwisha kukubali. Siku ya kumaliza matanga ikapangwa iwe majira ya kuchipua, na sanduku langu dogo likashushwa kutoka juu ya kabati, likawekwa nyuma ya mlango. Sikutaka kwenda. Hilo ndilo jambo pekee nililolijua kwa hakika mwaka ule wote. Nilidhani nikiondoka baba atasahau kabisa jinsi ninavyofanana.

Jikoni kwa Madame Inger, juu ya rafu ya chumvi, kulikuwa na bakuli la mti lililochorwa maua mekundu ukingoni, lenye ufa uliozibwa. Lilikuwa la bibi yake. Siku moja alinipa maziwa ya moto, akachukua kikombe chake cha kahawa, akakiinua hadi kifuani, akaniangalia machoni bila kupepesa, akasema, "Skål." Akanywa. Kisha, kikombe kikiwa bado juu, akaniangalia tena, ndipo akakishusha. Nilidhani amekasirika. Akacheka, akanieleza kwa Kifaransa chake cha taratibu, cha mtu aliyezoea kuchagua maneno.

Neno lenyewe, alisema, maana yake ni bakuli tu, bakuli kama hili. Zamani kwao watu hawakuwa na bilauri moja moja. Pombe ilikaa katika bakuli moja, likazunguka meza kutoka mkono hadi mkono. Sasa fikiria, mtu akiinua bakuli kubwa, uso wake wote unafichika. Kwa hiyo unamwangalia mwenzako kabla, ajue unakunywa kwa ajili yake, na unamwangalia tena baadaye, ajue umerudi. Nilimwuliza kama ni kweli walikunywa kwa mafuvu ya maadui, maana mvulana mmoja shuleni alituambia hivyo. Madame alipuliza hewa mdomoni. Hayo, alisema, ni ya kuuzia watalii. Hata wakubwa kule ofisini waliyapenda sana kwenye karamu zao. Halafu akasema kulikuwa na bakuli la namna nyingine, la kumkumbuka aliyekufa. Walilizungusha kwenye karamu ya msiba, kila mmoja akanywa, na hadi lizunguke lote, mrithi hakuthubutu kukaa kwenye kiti cha marehemu. Alisema hivyo huku akifuta makombo ya mkate. Hakumtaja mama. Nilimshukuru kwa hilo, kimoyomoyo.

Tukawa tunafanya hivyo kila siku, kahawa na maziwa. Mwanzoni nilishindwa, kwa sababu kwetu mtoto hamkazii mkubwa macho. Nililelewa kuinamisha uso nikisemeshwa, na macho ya buluu ya bibi yule yalinifanya nitamani kuingia chini ya meza. Baadaye nikazoea. Jioni moja nikajaribu juu, kwa baba. Niliinua kikombe changu cha chai hadi kifuani, nikamwangalia, nikangoja. Nilingoja mpaka mkono ukauma. Alikoroga sukari ambayo ilikuwa imeyeyuka zamani, akainuka, akaenda kulikagua bomba la maji lisilo na tatizo. Nilikunywa chai yangu ikiwa imepoa.

Matanga tuliyamalizia katika ukumbi wa parokia, si mbali na stesheni ya Kaskazini, treni zikisikika kila zilipopita. Wanawake walivaa kitenge cha aina moja. Kulikuwa na bugali, sombe, kuku wa kukaanga, kreti za bia na za Fanta. Asubuhi hiyo baba alivuliwa nguo nyeusi, akavishwa shati jeupe lililokuwa bado na mikunjo ya dukani. Sanduku langu lilikuwa tayari ndani ya gari la Tante Sifa. Yeye ndiye angetangaza habari yangu baada ya chakula, mbele ya ndugu wote, na likishatangazwa mbele ya ndugu, jambo halirudi nyuma.

Mila ya kwetu inataka kila mtu, kabla ya kunywa, ammwagie marehemu kidogo chini. Lakini mlinzi wa ukumbi alikuwa amekataza kabisa kulowesha sakafu yake ya mbao, na nje ilikuwa inanyesha mvua ya mawe. Basi watu wa Bukavu waliokaa Ubelgiji wakafanya walichozoea kufanya: wakatafuta bakuli. Lilikuwa la bati jeupe lenye ukingo wa buluu, na mimi, mtoto wa marehemu, nikapewa nilizungushe. Kila mtu alimimina tone lake, bia, Fanta, divai ya padre, akasema neno moja kwa mama. Mwisho tungeyapeleka yote uani, tukamwage kwenye udongo chini ya mti. Hivyo ndivyo ilivyokuwa ifanyike.

Nikafika kwa Madame Inger. Alikuwa amealikwa, amekaa karibu na baba, mgongo umenyooka, bilauri yake bado imejaa, kwa kuwa hakuna aliyemweleza la kufanya. Nilimpelekea bakuli kwa mikono miwili. Aliliangalia, akaniangalia mimi, na uso wake ukawa mzito. Aliweka bilauri mezani. Akalipokea bakuli kwa mikono miwili, kama nilivyomnyooshea, akaliinua hadi kifuani, akanitazama machoni. Nilijua anachotaka kufanya, na ulimi haukunisaidia. Akanywa.

"Mungu yangu!" Tante Sifa alisimama kumzuia Madame, kiti kikaanguka nyuma yake. "Maman, hapana! Ile ni ya marehemu!"

Ukumbi wote ukageuka kumtazama. Hata watoto. Madame hakujua Kiswahili, na kwa adabu ya kwao alikuwa bado hajamaliza. Aliniangalia tena kutoka juu ya ukingo wa bakuli, kisha akageuka, akampelekea baba, kwa kuwa yeye ndiye aliyefuata mezani. Hakumwachia. Alibaki amelishika, akamwangalia usoni, akingoja macho yake kama anavyongoja mtu mwenye haki ya kungoja.

"Madame ameharibu," mtu alinong'ona.

"Yaya, muache," baba alisema, ingawa Tante Sifa hakuwa amesema tena kitu. Akainua uso. Alimwangalia yule bibi, akapokea bakuli, akanywa kile kilichokuwa cha mke wake. Mchirizi mwembamba wa rangi ya Fanta ukashuka kidevuni hadi kwenye shati jeupe. Kisha hakuwa na pa kulipeleka ila kwangu.

Aliniangalia. Yalikuwa macho mekundu, yamechoka kuliko nilivyoyakumbuka, na yalikaa usoni kwangu, hayakuhama.

"Kunywa, mutoto yangu," alisema.

Nilikuwa nimengoja jambo hilo majira mazima, na nilidhani likitokea nitapasuka. Sikusikia kitu. Nilisikia ladha tu, bia vuguvugu na machungwa na kitu kichungu. Nikaliondoa bakuli mdomoni, nikamwangalia tena, kwa kuwa nilifundishwa hivyo, na alikuwa bado yupo palepale. Ndipo mikono yangu ikasikia uzito wa bakuli, mikono peke yake, na ilibidi anishikie.

"Yaya," alisema bila kugeuza uso, "mutoto anabakia na mimi. Donc ile valise, uitoshe mu gari."

Tante Sifa aliokota kiti chake. Alisema mengi baadaye, na mengine anayasema hadi leo, lakini sanduku alilitoa.

Machozi yangu yalikuja nikiwa na miaka kumi na tatu, ndani ya tramu, bila sababu yoyote. Hayakuwa na haraka. Madame Inger alishafariki. Bakuli lake la mti lenye ufa liko kwangu. Baba alikuja kuniambia, nilipokuwa mtu mzima, maneno machache kuhusu mwaka ule: "Nilikuwa nikikuangalia, naona yeye. Alors, nikaogopa."

Kisukari kimemchukua macho yote mawili sasa. Jumapili nampikia kahawa kwake, naitia iliki, namwekea kikombe mkononi. Wakati ule alikuwa na macho mazima na hakunipa. Leo angenipa kutwa, na hana. Anainua kikombe hadi kifuani, anageukia upande nilipo, mara nyingine anakosea kidogo, anaiangalia friji. Anakunywa. Kisha hakishushi. Anabaki amekishika hewani.

"Umeniangalia?" anauliza.

"Nimekuangalia, papa."

Ndipo anakiweka mezani.