Mavyaa Jukwaani

Sikuomba kuwa mwigizaji. Niliitwa kushona nguo za wachezaji, basi. Kikundi cha mtaa wetu kilikuwa kinaandaa mchezo wa nyimbo, wa aina ile ambayo mtu akifurahi anaimba na akigombana anaimba vilevile, nami ndiye fundi cherehani ambaye kila mtu Kiembe Samaki anaujua mlango wake. Nikawa nawapima mabega na viuno wakati wa mazoezi, pini zimejaa mdomoni, huku nikiimba nao kwa pua. Mwanamke aliyepewa nafasi ya mavyaa, mama wa bwana harusi, akaondoka ghafla kwenda Tunguu kumlea binti yake aliyejifungua. Mwongozaji wetu, msichana aliyesomea mambo ya jukwaa bara, akageuka akanitazama. Akaniambia niteme pini niimbe.

Kuimba naweza. Maulidi na harusi ngapi nimeimba, Mungu ndiye ajuaye. Kuigiza ndiko kulikonishinda. Siku za mwanzo nilisimama jukwaani kama mchi uliosahauliwa kinuni, mikono sijui niipeleke wapi. Mwongozaji akanishauri, kwa ule upole wake unaochosha, nimfikirie mavyaa yeyote ninayemjua, nimwige.

Sasa, mavyaa ninayemjua mimi ni mmoja tu. Nakaa naye nyumba moja tangu nilipoolewa. Ni mama wa mume wangu, Mtumbatu wa Tumbatu hasa, mwembamba, safi, asiyepandisha sauti. Hajapata kunigombeza hata siku moja. Angenigombeza ningejua pa kumjibu, maana ulimi ninao. Lakini yeye hukohoa. Kabla ya kuingia chumbani au jikoni mwangu hukohoa mara mbili mlangoni, na hapo mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, huanza kuficha vitu na kujifuta mikono. Kisha ataingia, atafunua chungu, atajidondoshea mchuzi kiganjani, ataulamba. Hasemi kitu. Atakwenda kuleta chumvi. Akitoka atasema "Haya," na hiyo haya yake nimeishi nikiitafuta maana.

Basi nikamchukua mzimamzima nikampeleka jukwaani. Nikakohoa mara mbili, nikaingia, nikafunua chungu. Wenzangu walicheka hadi mpiga dumbak akaweka ngoma chini. Mwongozaji akaruka kwa furaha, akasema hapo ndipo alipokuwa anapatafuta. Na mimi nikanogewa. Siwezi kusema uongo, nilinogewa sana. Kila jioni niliongeza kitu: namna anavyobana kanga kwapani, namna anavyopitisha kidole kwenye ubao wa dirisha akakitazama.

Nyumbani sikumwambia. Alijua kwamba nashona nguo za mchezo, na hilo lilikuwa kweli. Ila mtaani kwetu jambo halikai ndani. Mchana mmoja, tumekaa tunakula, akaweka tonge chini akasema amealikwa na jirani kwenda kunitazama, na kwamba atakwenda, inshallah. Mume wangu akapaliwa na wali. Nilipokuwa namgonga mgongo tulitazamana, na nikaona kwamba yeye anajua, maana alishakuja kunichukua mazoezini na akaona. Tulipobaki wawili aliniomba nipunguze kidogo. Nikamwuliza nipunguze nini, kikohozi au chumvi. Akavaa kofia yake akatoka, maskini. Baina ya mama na mke, yeye huchagua mlango.

Nilimwendea mwongozaji kumwomba tubadilishe. Alikataa katakata. Alisema bila ya mambo yale mchezo hauna uti wa mgongo.

Nieleze hofu yangu ilikuwa nini. Sikuogopa kufukuzwa, yule bibi si wa mambo hayo. Niliogopa kwamba watu watamcheka mbele ya mji mzima, yeye amekaa kimya katikati yao, kisha tutarudi nyumba moja, na hatasema kitu, na hatasema kitu tena mpaka mmoja wetu azikwe. Na chini ya hofu hiyo palikuwa na jambo jingine ambalo naona haya kidogo kulitaja. Nilitaka anisifu. Umri wote ule, na bado nilitaka yule mwanamke aseme kwamba kitu nilichokifanya ni kizuri.

Mchezo ulipangwa Jumamosi baada ya sala ya alasiri, katika ua wa nyumba ya zamani Mji Mkongwe, nyuma ya msikiti. Msikiti huo ndio uliomkosesha mwongozaji usingizi. Alipiga hesabu zake zote ili tumalize kabla ya adhana ya magharibi, kwa sababu hapa kwetu hakuna atakayepiga ala adhana ikisomwa. Jambo la pili lililomsumbua ni tunzo. Wapigaji wetu wa fidla, kanuni na udi ni watu wa taarab, na katika taarab ubeti ukikugusa unanyanyuka, unakwenda mbele na noti yako mkononi, unamtunza mwimbaji. Na madhali kuna mtu njiani anakuja, wapigaji hawauachi ubeti ule. Wanauzungusha, na mwimbaji anaurudia. Mwongozaji aliwakalisha wazee wale akawaeleza kwamba huu ni mchezo, si taarab, wimbo ukimalizika umemalizika. Wakaitikia wote kwa adabu. Kabla hatujaanza akasimama mbele ya watu akaomba mtu asipande jukwaani. Nao wakaitikia kwa adabu vilevile.

Tulianza kwa kuchelewa, kama ilivyo ada. Nilipokohoa mara ya kwanza nyuma ya pazia, ua mzima ulilipuka kwa kicheko kabla sijaonekana. Nikajua wanawake wa Kiembe Samaki wamejaa. Nikaingia, na mtu wa kwanza niliyemwona ni yeye, mstari wa pili, ukaya wa kanga kichwani, mikono mapajani. Hacheki. Nilitaka kupunguza, wallahi nilitaka, lakini mwili ulishazoea, na mkono wangu ukaenda kwenye chungu wenyewe.

Tukafika kwenye wimbo mkubwa wa mavyaa. Katika mchezo, mwanawe ameoa msichana wa Makunduchi bila ya ridhaa yake, na usiku wa harusi mama anabaki peke yake ukumbini. Hapo hakuna vichekesho. Anamwimbia mwanawe, ambaye mlangoni kwake sasa atapiga hodi kama mgeni:

Nimebeba mgongoni,
leo nabisha nyumbani.

Nilipofika hapo mara ya kwanza, mwanamke mmoja mnene nyuma akanyanyuka. Akaja akicheza taratibu, noti juu, akapanda jukwaani kana kwamba hakuna aliyekatazwa, akanichomekea kilembani. Nyuma yake mwingine. Nyuma yake wengine, akina mama wenye wana waliooa, wengine wanafuta macho. Mwongozaji pembeni alikuwa anakata hewa kwa mikono miwili, tumalize, tumalize. Mpiga fidla akamtazama, akafumba macho, akauzungusha ubeti. Na mimi nikaurudia. Ungefanya nini? Mwenzio anakuja na moyo wake mkononi, huwezi kumfungia mlango.

Kisha nikamwona mavyaa wangu anasimama.

Minong'ono ilipita uani, maana waliomjua walikuwa wengi. Katika taarab mtu huenda kutunza kwa furaha, na huenda pia kwa vita, kumpiga mtu kijembe, na watu humtazama shingo anavyoibeba ili wajue ni lipi. Yeye hakucheza. Alitembea kama anavyotembea kwenda dukani. Simu zikanyanyuliwa kumpiga picha. Wapigaji wakazungusha, nikaimba tena, sauti imeanza kunikauka. Akapandishwa ngazi kwa kushikwa mkono. Akasimama mbele yangu, karibu kuliko alivyopata kusimama, akainua noti akaiweka kichwani kwangu, na mkono wake ukiwa bado upo pale, muadhini akaanza.

Fidla ilikatika kama uzi. Kila mtu alisimama au alikaa pale alipo, kimya. Na sisi wawili tukabaki juu ya jukwaa mbele ya watu wote, hatuwezi kusema, hatuwezi kuondoka, mkono wake kilembani kwangu. Niliitikia adhana moyoni huku nikimtazama. Macho yake yalikuwa yamejaa. Sikuwahi kuyaona hivyo, hata siku tulipomzika mumewe.

Mwongozaji alikubali yaishe, akatangaza tukasali kisha turudi. Wanawake tulikuwa na chumba chetu nyuma ya ua. Nilitawadha, nikatandika kitambaa cha jukwaani, tukasali bega kwa bega, mimi na yeye. Tulipotoa salamu wengine wakatoka. Yeye hakunyanyuka. Na mimi nikabaki, nikingoja hukumu.

"Yule si mimi," akasema.

Nikamwambia, "Niwie radhi, Mama."

"Nnakwambia yule si mimi. Yule mavyaa wangu. Nshamzika zamani, leo umenletea tena."

Akanieleza, kidogo kidogo, akiwa anatazama kitambaa. Aliolewa mdogo, akavushwa kutoka Tumbatu akaletwa nyumba ya watu asiowajua. Mama wa mumewe alikuwa anakohoa hivyo hivyo mlangoni, anaonja hivyo hivyo kiganjani. Alipokuwa akikisikia kikohozi kile, alikuwa akimwaga maji aliyoyabeba. Alilia usiku, na akajiapia kwamba akijaaliwa mkaza mwana, mtoto wa watu hatamwogopa hata siku moja. Ndiyo maana, akasema, hakupata kunigombeza. Alidhani hilo linatosha.

Hakujua kwamba anakohoa. Jamani, alikuwa hajui. Hayo yote alikuja kuyaona leo, amekaa kwenye kiti, watu wanacheka.

Akageuka akanitazama usoni.

"Ulikuwa ukiniogopa?"

Uongo ulikuwa karibu na ulikuwa mwepesi. Lakini tulikuwa tumetoka kusali, na yeye alikuwa ameniuliza kama anayetaka kujua.

"Naam, Mama."

"Mpaka leo?"

"Mpaka alasiri hii."

Nje nilisikia wapigaji wanakaza nyuzi. Kisha akaushika mkono wangu, ule wa vidole vilivyochomwachomwa na sindano, akauweka mapajani pake akaufunika na wake.

"Mimi ndo wa kukuomba radhi, mwanangu. Na wimbo umeuimba vizuri. Vizuri sana."

Hapo sikuweza. Nililia kama mtoto, na wanja niliopakwa na wasichana wa kikundi, ule uliostahimili udhu, ukashuka mashavuni. Alijaribu kunifuta kwa ncha ya kanga yake akazidi kuutapanya. Akaona alivyoniharibu, akaanza kucheka, na mimi nikacheka, tumekaa chini wawili hatujiwezi. Akaniambia niende nikamalizie, maana anataka kujua yule mwanamke mwisho wake atakuwaje. Nikamsaidia kunyanyuka.

Nikatoka mbio. Mwongozaji alikuwa kwenye pazia, amejishika kichwa, na aliponiona uso wangu akashtuka, akauliza nani aliyeniliza namna ile. Nikamwambia mavyaa wangu. Akanishika bega kwa huruma, akanipa pole, akanisukuma jukwaani.