Minazi Iliyozuia Puto

Watu wa puto walikuja Magarini katika miaka ya themanini, wakaitazama minazi ya babangu kama dereva anavyomtazama ng'ombe aliyelala barabarani. Mimi nilikuwa nimeachika, nimerudi kwa wazazi na mtoto mgongoni, kwa hiyo niliyaona yote tangu mwanzo.

Ardhi ile haikuwa yetu. Kwetu pwani ardhi yaweza kuwa ya mtu na miti ikawa ya mwingine, na sisi tulikuwa wenye miti. Mwenye shamba alikaa Malindi mjini. Hakuweza kutuondoa bila kutulipa minazi yetu, na kulipa hakutaka, basi tukaishi. Baba hakuwa na hati yoyote. Alikuwa na minazi.

Mkubwa wa wageni, mwanasayansi mwenye adabu nyingi, alitueleza kazi yao kwa Kiswahili cha kuokoteza. Huko juu kuna mionzi isiyoonekana kwa macho, inatoka kila upande, hata pale pasipo na nyota. Hewa huizuia isitufikie huku chini. Basi wao wangeipandisha darubini yao kwa puto kubwa hadi hewa inapokaribia kwisha, waipime mionzi hiyo. Baba aliuliza wakishaipima wataifanyia nini. Mgeni akasema wataijua tu.

Shida ilikuwa minazi. Puto likianza kuinuka upepo ungelisukuma pembeni, na ile darubini, nzito kwa madini ya risasi yaliyoizunguka, ingejigonga kwenye makuti. Walitaka uwanja mtupu. Mwenye shamba alikwisha kukubali, na kwa nini asikubali? Baba akaombwa kwa heshima, akaahidiwa kwamba kazi ikiisha wataleta miche wapande upya. Mama alimwambia asikubali, tena mbele ya wageni, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. Lakini baba aliona aibu kumkatalia mgeni aliyekwisha kunywa madafu yake. Hiyo ndiyo heshima yetu, na hadi leo naichukia.

Puto lilipaa vizuri. Siwezi kusema uongo, lilipendeza, jeupe, likapungua huko juu hadi likawa kama punje ya mchele. Majirani walipiga vigelegele. Mama alikaa ndani akichambua kisamvu. Darubini ilishuka bara kwa mwavuli wake, wakaenda kuichukua, wakarudi wanacheka. Kabla ya kuondoka waling'oa visiki, wakafukia mashimo, wakausawazisha udongo kwa trekta. Walikuwa watu nadhifu sana.

Miche haikuja. Aliyekuja ni msimamizi wa mwenye shamba, kijana wa mjini. Alimpa baba shikamoo, akakataa kiti, akauliza, "Mzee, miti yako i wapi?"

"Ilikuwa hapa. Wewe mwenyewe waijua."

"Naijua, mzee wangu. Lakini mimi nimetumwa kutazama iliyopo."

Akautembea uwanja mzima polepole, akitafuta, kwa haki kabisa, angalau kisiki kimoja. Hakukiona. Baba alimfuata nyuma akimwonyesha kwa fimbo: hapa, na hapa, na pale. Yule kijana alitazama kila alipoonyeshwa, kisha akaaga.

Masika yalipoingia tulikuwa tumehamia Tezo, kwa shangazi. Baba alifia huko, chini ya miti ya watu.