Mshale wa Baba

Mimi si mtu wa kujishusha: kwa mambo ya kompyuta, hapa Voi, wa kunifundisha ni wachache. Basi siku baba aliponipigia simu kutoka Sagalla kuniambia hawezi tena kuandika nyimbo zake, sikulia. Nilikasirika, kisha nikaanza kupanga vifaa.

Baba ni mwalimu wa kwaya katika kanisa letu la mlimani tangu kabla sijazaliwa. Nyimbo hutunga mwenyewe, sauti zote nne, kwa herufi za solfa: d, r, m na wenzake. Zamani aliandika kwa kalamu. Nilipompelekea kompyuta kuukuu niliyoiwekea mfumo wa Linux alihamia kwenye kibodi, na kalamu hakuitafuta tena. Lakini mwaka huu mikono imeanza kumtetemeka. Akigusa herufi moja, zinatoka tatu. Na mwenyekiti wa kwaya alikuwa amemwambia, kwa ule upole wa kanisani, kwamba wimbo wa mavuno usipokuwa tayari kwa mazoezi ya Jumamosi, watachukua mwingine mtandaoni na mwalimu apumzike. Baba alijua kwamba akipumzika hataitwa tena.

"Mama," aliniambia. Huniita hivyo kwa sababu nimerithi jina la mama yake. "Wimbo ninao wote kichwani. Ni mikono tu imegoma."

Duka langu la picha na uchapishaji haliniruhusu kupanda mlima katikati ya wiki. Kunirekodia kwa simu alikataa, maana hawezi kuipanga sauti ya pili bila kuiona ya kwanza imekaa pale juu yake. Nikamwambia nitaishika kompyuta yake nikiwa hapa hapa Voi. Akaniuliza kama mkono wangu umerefuka.

Jumapili nikapanda na bodaboda. Niliweka programu ya kuiendesha kompyuta kutoka mbali, nikaifunga njia kwa neno la siri ili asiingie mtu mwingine, kisha nikaizima mashine na kuiwasha upya. Nikiwa jikoni na laptopu yangu niliingia moja kwa moja. Niliteremka nikijisifu njia nzima, na yule wa boda akavumilia.

Jumatatu asubuhi, dukani, nikajaribu. Skrini nyeusi. Nikarudia, nyeusi vilevile. Nikampigia baba, na sauti yangu haikuwa ya adabu sana.

"Baba, umeizima?"

"Iko wazi hapa mbele yangu. Nimeandika jina la wimbo, kwa shida."

Hapo nikaelewa. Programu niliyochagua haikuonyeshi skrini ya mwenye kompyuta; inakufungulia yako mpya, na jina moja la mtumiaji halikubaliwi mahali pawili kwa wakati mmoja. Jana hakuna aliyekuwa ndani. Leo baba yumo, kwa hiyo mimi nabaki nje.

"Basi funga kila kitu utoke, niingie mimi."

"Nikitoka, nitauonaje wimbo?"

Karibu nimjibu vibaya. Mzee alikuwa na haki. Nilikuwa nimemtengenezea mtambo wa kumtoa kwenye wimbo wake mwenyewe, sawasawa na alivyotaka mwenyekiti.

Bahati nzuri nilikuwa nimejiachia njia ya pili, ya kutuma amri za maandishi tu bila picha. Nikaingia kwa njia hiyo, nikaiondoa programu ile na kuweka nyingine, inayoonyesha skrini ileile anayoitazama yeye. Baada ya chai ya saa nne ukurasa wake ukanijia mzima, na jina la wimbo likiwa limejaa herufi za ziada. Nikausogeza mshale.

"Ala," akasema baba kwenye simu. "Umefika."

Tulifanya kazi hivyo kila asubuhi. Yeye anaimba, mimi naandika, yeye anatazama. Mwanzoni tuligombana kwa sababu sina subira: akitaka kuonyesha mahali, mshale ukitangatanga, namnyang'anya. "Niachie," ananiambia, "najua ninakokwenda." Nami nilizidi kumnyang'anya.

Alhamisi tukaifunga sauti ya nne. Nilikuwa karibu kuchapisha nakala mshale ulipoanza kwenda juu wenyewe. Ulitetemeka, ukapitiliza, ukarudi, ukasimama chini ya jina la wimbo, pale nilipoandika *Mtunzi: Mwalimu wa Kwaya*. Zikatoka herufi: *naaa*. Akafuta. *na*. Mteja alikuwa kaunta akitaka kupigwa picha ya pasipoti, nikamwambia angoje. Ningeweza kummalizia baba kabla hajavuta pumzi, na vidole vilikuwa vinaniwasha. Nikaviweka mapajani. *binnti*. Akafuta, akaanza tena. Aliandika pole pole mpaka mstari wote ukasimama sawa: *Mtunzi: Mwalimu wa Kwaya na binti yake*. Machozi yalinitoka mbele ya mteja na sikuyaficha.

"Sasa chapisha, mama," akasema baba.

Nakala zikapanda mlima na bodaboda jioni hiyo. Jumamosi, baada ya mazoezi, baba alinipigia. Alisema mwenyekiti amesoma mstari ule kwa sauti mbele ya kwaya yote, kisha akauliza wimbo wa Krismasi tutauanza lini.