Bibi Alisikia Tunatwanga

Jirani yangu wa chumba cha pili anapenda muziki, na ukuta wetu unauchuja: maneno yanabaki kwake, kwangu inafika du, du, du tu. Badala ya kukasirika, ndugu msomaji, mimi husikia harufu ya mpunga mpya, nikarudi Garsen mwishoni mwa miaka ya tisini, dada yangu Hadija alipoolewa.

Bibi aliishi ng'ambo ya mto, na mguu wake ulikuwa umekataa mitumbwi. Baba akaapa kwamba harusi itamfuata hukohuko kwa sauti. Ndipo tukaingia dukani kuchagua spika: mbili ndefu za kusimama sakafuni, zilizonizidi kimo, au mbili ndogo na sabufa yake, sanduku nene la midundo mizito lililochuchumaa chini ya meza.

Mimi nilitaka ndefu. "Mwadhini hupanda juu," nikasema. "Mbona hachuchumai?"

"Mzee, huyu mtoto ni wakili?" mwenye duka, mtu wa Madogo, akamuuliza Baba. "Hiyo ndefu ni ya kuonekana. Hii ndogo ndio iko na nguvu. Ngoja."

Akaweka kaseti. Chai ya Baba ikatetemeka ndani ya gilasi, naye akaitazama kama aliyeona muujiza. Kesi yangu ikaishia hapo.

Siku ya harusi taarabu ilipigwa tangu asubuhi hadi alasiri, sabufa imeelekezwa mtoni. Kesho yake mimi na Baba tukavuka na sufuria ya pilau.

"Mama, nyimbo zilifika?" Baba akauliza kabla ya kuketi.

"Nyimbo gani? Nilisikia mnatwanga tu."

Nikamtazama Baba. Alikuwa akichunguza vidole vyake vya miguu.

"Nikasema, Hadija anatwangiwa mchele wa harusi, nami nimekaa? Nikashika mchi." Bibi akafunua ungo uliojaa mchele mweupe. "Mpelekeeni. Na huyo mtwangaji wenu apumzike, atavunjika mgongo."

Miaka mingi baadaye, mhadhiri wa fizikia alinieleza kwa nini mivumo minene husafiri mbali. Nilimuuliza maswali mpaka akatazama saa. Lakini ungo ule hakuna somo lililonieleza. Ilinichukua muda kuona kwamba Baba alihangaika ili Bibi aisikie harusi, kumbe Bibi alitaka kazi ndani yake. Maneno ya nyimbo yangefika, angeketi tu akasikiliza.

Jirani ameongeza sauti. Sina kinu humu ndani, ila kidole changu kimeshaanza mezani.