Katambuga Zilizokataa Kunyooka

Msichana niliyemtaka alikuwa wa Mahurunga, na kwetu huku kusini neno la mwisho juu ya posa analo mjomba wa binti. Huyo mjomba hakuuliza habari za shamba wala mikorosho. Alituma ujumbe mfupi: "Nasikia anatengeneza katambuga. Aniletee jozi, niione kazi yake."

Ujumbe huo ulinitia hofu. Kazi yenyewe nilijifundisha nyuma ya nyumba yetu Mtawanya, kwa kubomoa katambuga kuukuu za watu, viatu vya tairi la gari, na kuchungulia zilivyofungwa. Lakini tairi ni duara, na soli iliyokatwa kwenye tairi haisahau duara lake. Ukiiweka sakafuni, kisigino kinainuka na vidole vinainuka. Mtwara nzima ilivaa hivyo hivyo bila kulalamika. Mimi nilitaka soli ilale kama ukurasa.

Nikakata soli mbili, nikazilaza chini ya kinu, nikakijaza mawe. Kesho yake nilipokiondoa zilibaki zimenyooka kwa muda wa kupiga chafya, kisha zikajikunja taratibu mbele ya macho yangu. Nikajiambia, mshumaa ukipata moto hulainika, mpira utashindwaje? Nikazichemsha.

Mama akafunua sufuria akitegemea muhogo.

"We mtoto! Unapika viatu?"

"Nazilainisha, mama."

"Mpira hauivi. Na leo utakula hizo hizo."

Siku hizo sikujua kwamba mpira wa tairi umeshapikwa kiwandani pamoja na salfa, na ukishapikwa hivyo hauyeyuki tena kama nta. Unavumilia, unavumilia, halafu unaungua. Nikachukua pasi ya mkaa. Soli ya kulia niliikandamiza mpaka ikatoa moshi mweusi, na kweli, ilipopoa ililala. Nusura nilie kwa furaha. Kabla sijaigusa ya kushoto, mama alininyang'anya pasi, akanyooshea kanga yake ya kwendea harusini. Kanga ikapata mhuri mweusi wa mpira katikati. Pasi ikafungiwa sandukuni.

Basi nikaenda Mahurunga na kiatu kimoja kilicholala na kingine kilichojikunja. Njia nzima nilimsihi mjomba wangu, aliyenisindikiza, turudi.

"Kwani miguu ya watu inalingana?" akasema, akaendelea kutembea.

Mwenyeji wetu, mjomba wa binti, alikuwa mtu wa mwili. Alizivaa, akatazama chini.

"Hiki cha kushoto ni kiatu au mtumbwi?"

Kicheko kikatoka jikoni. Nilijua ni cha nani. Mzee akaanza kuuzunguka ua. Cha kushoto kilinyooka chini ya uzito wake, kikajikunja alipoinua mguu, kikamsukuma mbele. Cha kulia kilikwenda vizuri mpaka karibu na banda la kuku. Hapo kikasema *ta!* na kupasuka pale vidole vinapokunjika, nyuzi za ndani ya tairi zikatokeza kama sharubu za paka.

Mzee akakivua, akakinusa.

"Hiki umekifanya nini?"

Nilisema yote: kinu, sufuria, pasi, hata kanga ya mama. Alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akaacha kucheka.

"Mpwa wangu naye ana mikunjo yake. Utamchemsha?"

"Hapana, mjomba."

"Utampiga pasi?"

"Hapana, mjomba."

"Haya. Nenda ukakate cha kulia kingine. Kije kama kitakavyotaka chenyewe."

Nilikikata siku ileile niliyorudi. Kilikaa dirishani kimejikunja, na kila nilipopita mkono wangu ulielekea kwenye kinu. Nilikipeleka hivyo hivyo. Mzee alikivaa bila kukikagua, akaagiza mkeka utandikwe, tuzungumze mahari.

Nilikaa pale nikijibu kila nilichoulizwa, macho yangu miguuni pake. Ncha ya kiatu cha kulia ilikuwa imeinuka zaidi kidogo kuliko ya kushoto.